Ikonomi, daraja la kati au daraja la biashara kutoka Entebbe: tulinganishe nafasi na usiku, tuache majina

Mtoa mada

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Tangu Uganda Airlines ianze kuruka moja kwa moja kutoka Entebbe hadi London Gatwick mwezi Mei 2025, swali moja limekuwa likijirudia humu: je, kuna faida gani ya kweli katika kuongeza pesa ili mtu atoke ikonomi aende daraja la kati, au atoke daraja la kati aende daraja la biashara? Majibu huwa ni ya aina mbili. Wapo wasemao kwamba wote mtatua saa ile ile, hivyo anayelipa zaidi anatupa pesa. Na wapo wasemao kwamba aliyekwisha kulala kitandani angani hawezi tena kurudi nyuma. Pande zote mbili zina ukweli wake, ila hakuna unaomsaidia mtu aliyewekewa bei mbili mbele yake na anayejua jinsi shilingi zake zilivyopatikana. Naleta uzi huu ili tulinganishe kwa mambo mawili yanayopimika: sakafu unayopewa ndani ya ndege, na usiku utakaoupitisha ukiwa angani.

Tuanze na sakafu. Airbus A330-800 ya Uganda Airlines ina viti 258, yaani 20 vya daraja la biashara, 28 vya daraja la kati, lile linaloandikwa Premium Economy kwenye tiketi, na 210 vya ikonomi. Ikonomi imepangwa 2-4-2, yaani viti vinane kwa safu vilivyogawanywa na njia mbili za kupita; daraja la kati 2-3-2, viti saba; daraja la biashara 1-2-1, viti vinne. Upana wa ndege ni ule ule kwa wote, kwa hiyo abiria wa daraja la kati anapata sehemu moja ya saba badala ya moja ya nane, jambo ambalo peke yake si kubwa. Urefu ndio unaoleta tofauti. Kwa ikonomi ya safari ndefu, umbali kutoka mgongo wa kiti chako hadi mgongo wa kiti cha mbele kwa kawaida ni inchi 31 au 32, ilhali kwa daraja la kati ni kama inchi 38. Zidisha hayo mawili, utaona kwamba abiria wa daraja la kati anakalia sakafu inayozidi ile ya mwenzake wa ikonomi kwa theluthi moja na ushei. Daraja la biashara lenye viti vinavyolala bapa humpa mtu mmoja sakafu ambayo nyuma ya pazia ingekaliwa na watu wawili na nusu hadi watatu.

Hicho ndicho kipimo changu. Nauli ya daraja la kati ikizidi ya ikonomi kwa theluthi moja hadi nusu, unauziwa nafasi kwa bei inayolingana nayo. Ikifika maradufu, ujue kwamba unalipia pia glasi ya kioo, foleni fupi kaunta, na kushuka kabla ya wengine ili ukawasubiri kwenye mkanda wa mizigo. Vivyo hivyo kwa daraja la biashara: mara mbili na nusu hadi tatu ni bei ya sakafu, lakini mara tano ni bei ya heshima. Simkatazi mtu kununua heshima, maana ni bidhaa kama nyingine na wapo ambao kazi zao zinaidai. Ninachotaka ni kwamba ajue anachonunua.

Jambo la pili ni kwamba jina la daraja halikuambii kiti utakachokikuta. Mpangilio wa 2-3-2 ambao Uganda Airlines inauuza kama daraja la kati ndio ule ule ambao kwa miaka mingi Emirates imeutumia katika daraja la biashara la ndege zake za Boeing 777-300ER. Viti vyenyewe havifanani, kwa sababu vya Emirates ni vipana na vinalala, lakini ukweli unabaki kwamba mtu anaweza kulipa nauli ya daraja la biashara akajikuta katikati ya wageni wawili, akimwomba mmoja wao radhi kila anapotaka kwenda msalani. Ndege zao zilizokarabatiwa tangu 2024 zimepewa 1-2-1, hivyo namba ya safari ileile inaweza kukupa kiti kizuri Jumatatu na cha katikati ya watu wawili Alhamisi.

Hata ikonomi haifanani. Boeing 777 yenye mpangilio wa 3-4-3 humpa abiria kiti chenye upana wa kama inchi 17, na Airbus A330 yenye 2-4-2 humpa kama inchi 18. Inchi moja inaonekana ndogo mpaka ukae saa nane ukiwa umebanana bega kwa bega na mtu mwenye mwili wake. Kubwa zaidi, A330 ina viti viwili viwili dirishani. Mume na mke wanaosafiri pamoja wanapata upande wao bila mtu wa tatu, na hawalipi chochote cha ziada. Kwa maoni yangu, jozi ya dirishani katika ikonomi ya A330 ni bora kuliko kiti cha katikati katika daraja la kati, na nitashangaa nikipingwa na mtu aliyekalia vyote viwili.

Sasa usiku. Sisi tuna bahati ya kijiografia ambayo hatuisemi sana: safari ya Ulaya kwetu inakwenda kaskazini, wala haivuki saa nyingi. Tofauti ya Kampala na London ni saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi, kwa hiyo ile hoja ya kwamba kitanda kinauokoa mwili na uchovu wa kubadili majira haituhusu kama inavyomhusu anayetoka Tokyo. Kwetu kitanda kina kazi moja tu, kulala usiku wa kawaida. Ndege ikiondoka mchana, kitanda ni kiti cha bei ghali. Ikiondoka usiku, kama zinavyofanya zile za KLM na Brussels Airlines kutoka Entebbe, kina maana. Hata hivyo angalia ratiba kama ndege inapitia Kigali, kwa kuwa mashirika hayo huunganisha miji hii miwili. Safari yenye kituo cha Kigali inakupandisha, inakutelemsha, inawasha taa zote, inapakia watu wengine, ndipo safari ndefu inaanza, na usingizi uliokwisha kuulipia unakatwa vipande.

Anayepitia Ghuba naye afikirie mara mbili. Entebbe hadi Dubai au Doha ni kama saa tano na nusu. Toa muda wa kupaa, chakula na kushuka, kitanda unabaki nacho saa tatu, kisha unaamshwa ukatembee uwanja mzima kutafuta ndege ya pili.

Daraja la kwanza nitalipita haraka. Wenye kulihitaji hawasomi nyuzi za kulinganisha bei.

Mchangiaji wa Kikuubo

Mtoa mada, nakushukuru kwa hesabu ya sakafu, ila umeandika kama mtu anayesafiri na begi moja. Mimi ni mfanyabiashara, nakwenda Guangzhou kupitia Addis Ababa, na kwangu daraja la biashara linapimwa kwa kilo. Mashirika mengi yanampa abiria wa daraja la biashara mabegi ya kilo 32 badala ya 23, tena nikichelewa kufunga mzigo kuna kaunta isiyo na foleni. Kilo zile nikizilipia kando kama mzigo wa ziada, faida ya bidhaa nzima inaliwa uwanjani. Kwa hiyo usiseme kwamba kinachozidi sakafu ni heshima tu.

Pia nikuongezee jambo kuhusu viti. Daraja la biashara kwenye Boeing 787-8 za Ethiopian limepangwa 2-2-2. Kitanda ni kitanda, sikatai, lakini ukikaa dirishani na jirani akilala, inabidi umruke miguu ili utoke. Kutoka Addis hadi Guangzhou ni kama saa kumi, na katika saa kumi mtu atatoka tu. Mimi huchagua kiti cha njiani katika safu ya katikati, ambapo hakuna anayeniruka wala ninayemruka.

Mtoa mada

Ndugu wa Kikuubo, hoja ya kilo naipokea, na naifanyia hesabu yake. Kilo 32 ndiyo kikomo cha begi moja katika usafiri wa ndege kwa abiria, kwa sababu ya migongo ya wapakiaji, kwa hiyo faida yako kwa mabegi mawili ni kilo 18. Uliza bei ya begi la tatu la kilo 23 kwa tiketi ya ikonomi, ukilinunua mapema kwa mtandao kabla ya kufika kaunta, kisha uilinganishe na tofauti ya nauli. Nina hakika kwamba mara nyingi begi la tatu litashinda kwa mbali, na mara chache, hasa tofauti ya nauli ikiwa imeshushwa, utashinda wewe. Kuhusu kiti cha njiani katika safu ya katikati kwenye 2-2-2, hapo umenena.

Niongeze kwamba vipande vifupi vya mwanzo vinadanganya sana. Mtu ananunua daraja la biashara hadi Ulaya kupitia Nairobi au Addis, akidhani kitanda kinaanzia Entebbe. Kipande cha Nairobi ni kama saa moja na cha Addis ni kama saa mbili, na ndege ndogo za njia hizo hazina vitanda. Hata CRJ900 za Uganda Airlines, zenye viti 76, zina viti 12 vya daraja la biashara ambavyo ni vipana na vizuri, lakini ni viti vya kukalia. Ukilinganisha bei, gawanya tofauti kwa saa za kile kipande chenye kitanda peke yake.

Mchangiaji wa Jinja

Habari zenu ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunapanga kuwapeleka watoto wawili, wa miaka 9 na 13, London kwa shangazi yao, na tumeona daraja la kati lina punguzo. Je, kuna jambo la kuangalia kabla ya kulipa? Pia mama mkwe atatufuata baadaye peke yake. Ana umri mkubwa na magoti yanamsumbua, kwa hiyo wengi wanatushauri tumkatie daraja la biashara hata kama ni kwa kuchangishana.

Mtoa mada

Dada wa Jinja, swali lako limegusa jambo ambalo matangazo ya punguzo hayalitaji, nalo ni kodi ya abiria ya Uingereza. Kodi hiyo hutozwa kwa anayeondoka Uingereza, wala si kwa anayeingia, na kiwango chake hutegemea umbali na daraja. Uganda ipo katika kundi la maili 2,001 hadi 5,500. Kuanzia Aprili 2026 abiria wa daraja la chini kabisa katika kundi hilo anatozwa pauni 102, na wa daraja lolote lililo juu ya hilo anatozwa pauni 244. Mwaka uliotangulia viwango vilikuwa 90 na 216. Tazama vizuri maneno hayo: daraja lolote lililo juu. Serikali yao haitofautishi inchi sita za miguu na kitanda kamili. Daraja la kati linalipa sawasawa na daraja la biashara.

Kwa familia yako hali ni kali zaidi, kwa kuwa watoto walio chini ya miaka 16 wamesamehewa kodi hiyo wakiwa katika daraja la chini kabisa, lakini wakipandishwa daraja msamaha unaondoka. Mkirudi wote wanne katika ikonomi, kodi ni pauni 204 za wazazi wawili. Mkirudi wote katika daraja la kati, ni pauni 976. Punguzo mliloliona linaweza kumezwa lote hapo. Ushauri wangu ni kwamba, kama mnalitaka daraja la kati, lichukueni wakati wa kwenda, kutoka Entebbe, ambako kodi hiyo haipo, kisha mrudi kwa ikonomi. Wakala wa tiketi anaweza kuwakatia tiketi moja yenye madaraja mawili, na tovuti nyingi za mashirika zinaruhusu kuchagua daraja la kila upande.

Tena kuna jambo dogo kuhusu watoto katika daraja la kati. Viti vingi vya daraja hilo huficha meza ndani ya egemeo la mkono, na egemeo lenye meza halinyanyuki. Mtoto aliyezoea kulaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake atakutana na ukuta wa plastiki katikati. Katika ikonomi egemeo linainuliwa, na ukiwa na viti vinne vya katikati vya 2-4-2, familia ya watu wanne imepata safu nzima. Ikonomi yetu ina uchangamfu wake pia. Wengi mtakumbuka Novemba 2021, abiria alipochuuza nsenene, wale panzi wa kuliwa, ndani ya ndege ya Uganda Airlines ya kwenda Dubai, hadi shirika likasema linafikiria kuziweka kwenye orodha ya vyakula.

Kuhusu mama mkwe, nisingekimbilia kuchangisha. Huduma ya kiti cha magurudumu kuanzia kaunta hadi mlango wa ndege, na pia atakapotua, ni bure kwa daraja lolote, mradi shirika liarifiwe angalau saa 48 kabla. Hilo ndilo magoti yanalolihitaji kwanza, kwa sababu kinachomchosha mzee ni kutembea na kusimama katika foleni za viwanja. Mchagulieni kiti cha njiani karibu na msala. Msidanganywe na safu ya mlango wa dharura, kwa kuwa asiye na nguvu za kufungua mlango haruhusiwi kukaa hapo. Safu ya mbele kabisa, inayotazamana na ukuta, nayo ina kasoro yake: hakuna kiti cha mbele cha kuingiza miguu chini yake, na mara nyingi ndipo vitanda vya watoto wachanga vinapotundikwa. Mkibaki na akiba, daraja la kati lina mahali pa kuegeshea miguu na kiti kinachoinama zaidi, na kwa mzee anayesafiri mchana hilo linatosha.

Mchangiaji wa Mbarara

Naunga mkono, ila niseme neno la kiafya, kwa sababu nafanya kazi hospitalini. Watu hudhani damu huganda miguuni kwa abiria wa ikonomi tu. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda katika mishipa huongezeka takriban mara mbili baada ya safari ya saa nne au zaidi, iwe ya ndege, basi, treni au gari, na kwamba kinacholeta hatari ni kukaa bila kusogea. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe bado ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Aliyelala bapa saa saba bila kuinuka hajakwepa chochote kwa sababu ya nauli yake. Mama mkwe ainuke, atembee, akunje na kukunjua vifundo vya miguu, na kama amewahi kuganda damu au amefanyiwa upasuaji karibuni, amwone daktari kabla ya safari.

Hewa nayo ni moja kwa wote. Ndani ya ndege shinikizo la hewa hulingana na mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hizo mita 1,800 ni za ndege kama Boeing 787 na Airbus A350. Kwa Mganda ni kama kukaa Kabale au mlimani kidogo juu ya Kabale, tena kukiwa kukavu kuliko kiangazi chochote tulichokizoea. Pazia la daraja la biashara halizuii ukavu huo.

Mchangiaji wa Ntinda

Mimi nina swali la haki. Nilikata tiketi ya daraja la biashara kwa shirika moja la Ulaya, nisilolitaja, kutoka Entebbe. Nilipofika kaunta nikaambiwa viti vimejaa, nikapelekwa ikonomi, na nikapewa vocha ya kiasi kidogo ambayo ilitakiwa kutumika ndani ya mwaka mmoja. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na mkutano asubuhi yake. Je, ndivyo ilivyo?

Mtoa mada

Pole sana, ssebo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda abiria anayeondoka nchi yoyote ya Umoja huo, na pia anayekwenda huko kutoka nje akiwa na shirika la Umoja huo. Kwa hiyo abiria wa KLM au Brussels Airlines kutoka Entebbe kwenda Ulaya yumo. Kifungu cha 10 kinasema kwamba abiria akishushwa daraja arudishiwe asilimia ya bei ya tiketi ndani ya siku saba, na kwa safari kama yetu, inayozidi kilomita 3,500, asilimia hiyo ni 75. Kama tiketi ilikuwa ya kwenda na kurudi, inahesabiwa sehemu ya kile kipande ulichoshushwa. Vocha inahitaji saini yako ya kuikubali. Bila saini hiyo, malipo ni ya pesa. Andika barua kwa shirika, ambatisha tiketi na pasi ya kupandia yenye namba ya kiti cha ikonomi, na utaje kifungu hicho kwa namba yake.

Uingereza ilibaki na kanuni inayofanana baada ya kutoka Umoja wa Ulaya, na hapa ipo tofauti ya kuikumbuka. Inamlinda abiria wa shirika lolote anayeondoka Uingereza, lakini anayeingia huko kutoka nje hulindwa akiwa na shirika la Uingereza au la Umoja wa Ulaya. Maana yake ni kwamba tiketi ile ile ya Uganda Airlines ina ulinzi huo ukitoka Gatwick, na haina ukitoka Entebbe. Upande huo unategemea masharti ya shirika lenyewe, ambayo yafaa kusomwa kabla ya kulipa.

Mchangiaji wa Kikuubo

Mimi nimalizie kwa swali la vitendo. Nitajuaje kabla ya kulipa kwamba nitapewa 1-2-1 na siyo 2-3-2?

Mtoa mada

Unapokata tiketi kwa mtandao, fungua maelezo ya safari utazame aina ya ndege, au mwombe wakala akusomee alama yake. 77W ni Boeing 777-300ER, 788 ni Boeing 787-8, 359 ni Airbus A350-900, na 338 ni ile A330-800 yetu. Kisha fungua ramani ya viti kabla ya kulipa na uhesabu herufi za safu moja ya daraja la biashara: herufi nne ni 1-2-1, sita ni 2-2-2, saba ni 2-3-2. Rudia kuitazama siku moja kabla ya kuondoka, usajili wa safari unapofunguliwa kwa mtandao, kwa kuwa shirika lina haki ya kubadili ndege na tiketi haikuahidi aina yoyote. Ukiona herufi zimeongezeka, hamia kiti cha njiani papo hapo, kabla wengine hawajaamka.